Niliomba Alelewe Binti, Si Mimi

Kwa Mwalimu wa Malezi na Nasaha,
Shule anayosoma binti yangu.

Mwalimu,

Pokea heshima zangu za mzazi, na uzipokee kabla hujasoma yaliyo chini, maana baada ya hapo huenda usizitake tena. Mimi ni baba wa yule binti mrefu wa darasa la sita, anayekaa dirishani na kuuliza maswali mpaka kengele inamchoka. Hujawahi kuniona. Niko mbali, nafanya kazi ya saidia fundi kwenye majengo, yaani fundi akipandisha ukuta, mimi ndiye ninayempelekea tofali, maji na zege. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe uendelee na safari.

Umeniletea ujumbe kupitia kwa mama yake kwamba binti anafanya vizuri katika somo lako la malezi, na unaomba ruhusa ili mwakani awaongoze wanafunzi wadogo katika somo hilo. Mama yake akasema hilo ni la baba kuamua. Baba ameamua. Jibu ni hapana, na zaidi ya hapana, naomba umtoe katika somo lenyewe. Sababu zangu ni hizi.

1. Simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya saruji, ikafa sikio, na tangu hapo inaongea kwa spika tu. Tunalala wanaume chumba tele, vitanda vya kupandana, kwa hiyo binti akibipu nami nikampigia, anakuwa anaongea na ukumbi. Zamani hilo halikuwa na madhara. Alisema shikamoo, nikasema marahaba, akaomba viatu, nikasema nitaona, tukaagana. Sasa wewe umewapa kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi achague mtu mzima mmoja wa kufanya naye mazoezi ya tabia njema. Nasikia wenzake wamechagua bibi zao na shangazi zao, watu ambao tayari ni wema. Wa kwangu amenichagua mimi. Nilipomuuliza kwa nini asimchukue mama yake aliye palepale jikoni, akanijibu, "Mama hana shida sana, Baba." Chumba kizima kilicheka, Mwalimu, mpaka kitanda cha juu kikaachia nati.

2. Kuomba radhi. Mimi nimekua nikijua kwamba mtu huomba radhi hivi: "Kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe." Ndivyo walivyosema baba zetu, na wameingia kaburini hawadaiwi na mtu. Binti ananiambia haihesabiki. Ati hiyo "kama" ni mlango wa nyuma wa kutorokea. Ati aliyekosa alitaje kosa lake kwa jina, kisha anyamaze, asiweke "lakini" mkiani. Kuna siku nilimkatia simu kwa hasira, kesho yake nikasema, "Haya, samahani." Akauliza, "Kwa lipi, Baba?" Nikasema kwa yote. Akasema, "Yote ni mengi, Baba, hatutamaliza. Tuanze na moja." Mpishi wetu, aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni ya kitanda changu, akadakia, "Taja, ndugu yangu! Taja tukale!"

Huyo mpishi alicheka mapema. Asubuhi yake alisimama mbele yetu sote, mwiko mkononi, akatangaza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akioga kwa sabuni ya fundi wa kuchomelea tangu mvua za kwanza. Kesi hiyo tulikwisha kuiamua zamani, tukamtia hatiani fundi rangi, na adhabu alishaimaliza. Sasa tunamdai radhi fundi rangi, na kila mmoja wetu anatakiwa ataje alichosema. Mimi nilisema mengi.

3. Kutaja unachojisikia. Huku kazini tulikuwa na hisia tatu: njaa, usingizi na hasira, na dawa ya zote ni kula ulale. Zilitutosha. Binti akaja na orodha yako, akaanza kututajia upweke, wivu, wasiwasi, aibu, kana kwamba anaita mahudhurio. Fundi wa kuchomelea, mtu mwenye mikono kama koleo, asiyezungumza na mtu ila na vyuma vyake, alishinda siku nzima akichomelea chuma kilekile. Jioni akaja kitandani kwangu, akainama kama anayekopa, akaniuliza, "Ile ya kutoka kazini halafu usitake kufika chumbani, inaitwaje?" Mimi nitajua wapi? Nikamwambia asubiri Ijumaa, binti akibipu tumuulize. Na akasubiri, Mwalimu. Akanyoa na ndevu.

4. Kutenda jema hata usipoonekana. Hili limetugusa mkate. Nyapara akienda kwenye jengo la pili, sisi hukaa nyuma ya lundo la matofali tukanyoosha migongo. Si uvivu. Ni mapumziko ambayo hayajatangazwa. Nilimsimulia binti nikitaraji acheke, maana baba akiwa mbali anajaribu kuchekesha. Hakucheka. Aliuliza tu, "Sasa mkisikia buti lake mnainuka kwa ajili yake. Msipolisikia, mnainuka kwa ajili ya nani?" Nikamjibu, kwa ajili ya hakuna mtu, ndiyo raha yake. Akasema sawa, Baba. Ile "sawa" yake ilikuwa na miiba.

Kesho yake fundi wa kuchomelea akainuka peke yake, buti halijasikika. Mtu mmoja akifanya kazi na wengine wamelala, waliolala wanaanza kuwashwa. Tukainuka mmoja mmoja, tukinung'unika, kila mtu akisema amechoka tu kukaa. Nyapara aliporudi akatukuta tunafanya kazi bila kusimamiwa. Aliogopa sana. Katika unyapara wake wote hajaona jambo la namna hiyo. Alihesabu majembe, akafunua matofali, akanusa madumu ya maji.

5. Nyapara mwenyewe. Alipokosa alichokitafuta, akasimama katikati yetu akapaza sauti, "Nyie punda, mnanificha nini?" Utaratibu wetu katika hali hiyo ni kuinamisha kichwa mpaka upepo upite. Lakini fundi wa kuchomelea akavua miwani yake ya kazi, akamuuliza kwa adabu zote, "Mkubwa, ukituita punda, wewe ndani unakuwa unajisikiaje?"

Nilifumba macho. Nikaanza kuhesabu nguo zangu kichwani, zilivyo chache, zitaingia mfuko gani. Nilipofumbua, nyapara alikuwa anatafuta tusi na halimjii. Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Akaanza kutueleza habari za kijana wake wa kiume, ambaye wanaishi naye nyumba moja na hawasemeshani, chumvi wanapitishiana kwa mkono wa mama mtu. Alieleza kwa urefu. Hakuna aliyethubutu kwenda kwenye mashine ya kuchanganyia zege, kwa sababu umefundisha kwamba mtu apewe nafasi amalize. Sisi wenyewe tuna msemo wetu, zege halilali. Siku hiyo zege lililala, likakoroma, likagandia ndani ya mashine, na tumelibomoa kwa nyundo mpaka viganja vikachubuka. Na sasa kila Ijumaa nyapara naye huja chumbani kusikiliza simu. Anabisha hodi. Mwalimu, nyapara kubisha hodi! Hata mende walisimama.

6. Haya yote ningeyavumilia. Lililonipa kalamu ni hili la mwisho, nalo ni kuhusu binti mwenyewe.

Mtoto niliyemwacha namjua. Yule alivunja kikombe akasema ni paka, na hatuna paka. Yule akikasirika alijibanza nyuma ya mlango, hali, hasemi, mpaka nimbebe mgongoni tuzunguke nyumba. Mtoto yule nilijua namna ya kumlea. Huyu wa sasa hasusi, hadanganyi, akikosa anakuja mwenyewe na kosa lake mkononi. Juzi nilimwambia nitakuja mwezi ujao, kama ninavyomwambia kila mwezi. Akanijibu taratibu, wala hakunilaumu, "Baba, kama hujui, sema hujui. Nitakungoja vilevile."

Chumba hakikucheka.

Ahadi ndiyo kitu pekee ninachoweza kumtumia mwanangu bila nauli ya mzigo, na wewe umemfundisha kunirudishia. Halafu nilikuwa na maneno yangu, nimeyaweka akiba ya kumwambia nikirudi, juu ya ukweli, juu ya marafiki, na jinsi ya kumkatalia mtu bila kumdharau. Kwa mwendo huu wako nitafika nikute nyumba imeshapigwa lipu, imeshapakwa rangi, na mimi nimesimama mlangoni na ndoo ya zege. Zege la nini tena?

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

(a) Binti atolewe katika somo hilo, apewe kitu kisicho na madhara, kwa mfano kufuma vitambaa.

(b) Ikishindikana, basi mfundishe kwa kipimo. Mtoto abakishiwe makosa mawili matatu, mzazi naye apate pa kushika.

(c) Ikishindikana na hiyo, tuandikishe rasmi chumba kizima, utupe sare na madawati, tuache kusomea dirishani. Nyapara atavaa kaptula kama wengine. Nimekwisha kumdokeza, hakukataa.

Nisalimie Mwalimu Mkuu, walimu wote, mlinzi wa geti na anayegonga kengele. Mpishi anakusalimu. Fundi wa kuchomelea anakusalimu, na anasema ile aliyouliza inaitwa upweke, ameshaizoea. Fundi rangi hasalimu mtu mpaka aombwe radhi kikamilifu.

Ni mimi, mzazi niliyelelewa bila kuombwa ruhusa,
Baba wa binti wa dirishani.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshailamba binti alipobipu. Nikampigia, nikamweleza nilivyoamua: hataongoza wadogo, na somo lenyewe basi. Nilijiandaa kwa kilio, kilio nakiweza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekasirika, Baba. Nimekasirika sana. Ila sikati simu." Nikangoja akate. Hakukata. Watu chumba kizima wametulia kama wamechorwa ukutani. Nikawa namsikia anapumua. Watu walionikasirikia katika maisha haya ni wengi, ila waliokasirika na wakabaki palepale nilikuwa namjua mmoja tu, mama yake. Tukakaa hivyo hivyo, baba na mtoto, mpaka salio likaisha lenyewe.

Barua siibadilishi. Malalamiko yote ni ya kweli, na karatasi nyingine sina. Asubuhi hii natafuta vocha kabla ya kwenda kazini, nimwambie kabla hajaingia darasani.

Ruhusa nimetoa, Mwalimu. Mwandike.