Nyamera Waliokataa Salamu ya Mzee Polikarp

Kasense, Sumbawanga
Juni, 1954

Kwa Bwana Nyama,
Bomani, Sumbawanga.

Bwana Mheshimiwa, mlinzi wa wote wenye pembe, kwato na mikonga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umeketi kitini, maana ni nzito, si ya kusomwa mtu amesimama. Mimi ni mzima. Heshima yangu ndiyo mgonjwa, na walioitia ugonjwa ni wanyama wako.

Jina langu ni Flavian. Nimesoma shule ya Misheni mpaka darasa la nne, na la tano nililichungulia dirishani kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu mwenyewe, bila kumwajiri mwandishi wa barua pale sokoni. Ukiona neno limepinda, ujue ni kalamu, si akili.

Kabla ya malalamiko, yakupasa ujue chanzo chake. Mwaka jana nilishuka bonde la Rukwa, mchukuzi wa mzungu mmoja mgeni mwenye sanduku la kupigia picha, aliyetaka kuona wanyama wakihamia uwandani wakati maji ya ziwa yanapopungua na majani mabichi yanapochipua. Bwana, niliona. Nyamera, sheshe, pundamilia, mbogo, tembo na watoto wao, wote wakipita mbele yangu kama watu watokao misa ya Pasaka, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na mkia wa msafara ulikuwa bado haujaonekana.

Nikarudi Kasense nikasimulia. Nilisimulia kilabuni, nikasimulia kisimani, nikasimulia hata kwa watu waliokwisha kulala. Kilabuni alikuwepo Mzee Polikarp, baba yake Bertilla. Na Bertilla, Bwana, ndiye binti niliyemkusudia. Yeye mwenyewe hajanikataa, ila ameniambia nimalizane na baba yake kwanza. Mzee akaniuliza mbele ya watu, "Wengi kiasi gani?" Nikamjibu, "Mzee, ukiwatazama huoni majani." Akacheka kwa puani. Akasema, "Kijana anayenidanganya leo juu ya swala, kesho atamdanganya binti yangu juu ya unga."

Kisha akatoa neno lake: atashuka bondeni aone kwa macho yake. Akiwaona, atapokea jembe langu la posa, na kwetu jembe likishapokewa, binti amekwisha kuposwa. Asipowaona, yupo Clemens, mwana wa katekista, mwenye baiskeli. Na baiskeli hiyo imeshaegeshwa ukutani kwa Mzee mara nyingi kuliko inavyofaa.

Basi mwezi uliopita tukashuka: Mzee Polikarp, dada yake Shangazi Cornelia, mimi kiongozi wa msafara, na Clemens, aliyejialika mwenyewe eti awe shahidi. Baiskeli ilimbidi aiache juu ukingoni, maana mteremko ule hauna habari na baiskeli. Hapo nilifurahi kidogo. Ndiyo furaha yangu ya mwisho katika safari ile.

Yaliyonipata nayapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Wanyama wako hawaitikii salamu.

Wewe umekaa Ufipa, unajua adabu yetu. Mfipa aliyelelewa hafiki kwa wenyeji amekodoa macho. Kwanza anachuchumaa, anainamisha kichwa, anapiga makofi, anauliza habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Akiitikiwa, ndipo anainua uso. Mzee Polikarp ni mtu wa namna hiyo hasa. Yeye husalimia hata mbuzi wa watu.

Tulipofika uwandani, wanyama walikuwepo. Mimi niliwaona kwa pembe ya jicho, wekundu kwa weusi, mpaka macho yanapoishia. Nikamwambia, "Mzee, ndio hao." Akasema, "Subiri kwanza, hatujabisha hodi." Akachuchumaa, kichwa chini. Shangazi Cornelia akapiga magoti. Clemens naye akachuchumaa. Mimi ningefanyaje? Anayetaka kuoa hawezi kusimama wima kama mnara huku baba wa binti yuko chini. Tukapiga makofi sote, tena kwa nguvu, kwa sababu wenyeji walikuwa wengi na wengine walikuwa mbali. Mzee akawauliza habari za ndama. Akawauliza habari za mvua. Akawaeleza kwamba sisi ni watu wa Kasense na hatukuja kwa ubaya. Alipomaliza, akainua uso, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Flavian," akasema, "naona vumbi."

Clemens akasema, "Lakini ni vumbi zuri, Mzee. Tusimdhulumu mwenzetu."

"Vumbi hata kwetu lipo," akasema Mzee. Akajipangusa magoti, tukarudi.

Nakuuliza, Bwana: ni nani aliyewalea wanyama hawa? Mtu mzima amewashukia mlima mzima kwa miguu yake, amewachuchumalia, nao wakampa mgongo bila hata "tunashukuru."

2. Wanahama bila ruhusa.

Mimi nikitaka kwenda kutafuta kazi katani, kwenye mashamba ya mkonge, sharti nimuage Jumbe, sharti niwe na stakabadhi ya kodi mfukoni, sharti nieleze narudi lini. Nyamera anaamka asubuhi, ananusa upepo, anaondoka na ukoo mzima. Hana cheti, hana stakabadhi, na njiani hakuna askari wa kumwuliza jina la baba yake. Nimesikia ninyi mnasema wanyama "wanahama kufuata majani." Mjomba wangu alipohama kufuata majani, tena karibu na siku za kodi, karani alisema ametoroka, na akarudishwa amefungwa kamba. Naomba neno moja litumike kwa wote.

3. Wana upendeleo.

Yule mzungu wa mwaka jana hakuwasalimia hata kidogo. Alinyata kimya, akajificha nyuma ya kichuguu, akawaelekezea sanduku lake, na mimi akaniziba mdomo kwa kiganja nilipotaka kukohoa. Hao hao nyamera walisimama kama wanasubiri picha zao. Sisi tuliokuja kwa heshima zote, na makofi juu, tukaachiwa vumbi. Nimeifikiria tofauti hii usiku na mchana na sijaona sababu yake nyingine isipokuwa dharau.

4. Wanakula cha watu.

Mzee Polikarp, kila tulipopumzika njiani, aliacha konzi ya ulezi juu ya jiwe, kuwaarifu wenye nchi kwamba tunapita. Wakati wa kurudi tulikuta mawe yamelambwa safi, hakuna punje, na pembeni pana nyayo kubwa kama nyungo zikielekea huku juu kwetu. Nadhani mwenye nyayo alikuwa anakuja kuomba radhi. Mpaka leo hajafika.

Na hapa nina swali ambalo hata katekista limemshinda. Wanyama hawa wakila ulezi wetu, tunaambiwa tuvumilie, ni viumbe vya Mungu. Sisi tukimla mmoja wao, tunaambiwa twende gerezani, ni mali ya Serikali. Naomba kujua saa wanayobadilisha mwenye mali, ili nasi tujipange.

5. Hili ni fupi lakini ndilo linaloniuma. Tangu turudi, watoto wa Kasense wakiniona wanachuchumaa njiani na kunipigia makofi. "Shikamoo Vumbi," wanasema. Jumapili nimepigiwa makofi mpaka mlangoni pa kanisa. Clemens anapita na baiskeli yake akiliza kengele, na juzi alimwuliza Shangazi Cornelia harusi ipangwe lini, huku mimi nimesimama hapo hapo na mzigo wa kuni. Bertilla amenitumia neno moja tu: "Mwambie Flavian aache kusimulia, aanze kuonyesha. Ulezi unakaribia kuvunwa." Maana yake, Bwana, kwa Mzee Polikarp kuna shamba zima la ulezi lililotengwa kwa pombe ya harusi ya binti. Likishavunwa pombe itapikwa, na ikishapikwa atatafutwa wa kumwoa binti. Pombe haimngojei mtu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo si makubwa.

Kwanza, uwaamuru wanyama wote wa bondeni wapande mpaka Ufipa mapema iwezekanavyo, wapite mbele ya Mzee Polikarp kwa utaratibu, wadogo mbele na tembo nyuma, asije tembo akaziba wengine. Wasipite haraka. Macho ya Mzee si ya juzi.

Pili, wafundishwe salamu. Sidai wapige makofi, najua kwato zina shida zake. Kutikisa kichwa kunatosha.

Tatu, kwa kuwa ni wazi wamekosa wa kuwatawala, uniteue mimi kuwa Jumbe wa Wanyama. Nataka kofia yenye alama ya Serikali na kaptura mbili, moja ya kazi na moja ya kupita karibu na kwa Clemens. Sifa ninazo. Wanyama hawa wananijua vizuri. Mwaka jana tembo dume alinitazama usoni akapunga masikio, na mimi nikampungia kofia, tukaelewana. Nikipiga mluzi mmoja tu, wanakuja. Hili nimelisema hadharani kilabuni, na barua hii nimewasomea watu tangu mwanzo mpaka hapa, nao wamekubali kwamba imeandikwa. Natia sahihi yangu kwamba wanyama hawa nawajibika nao mimi, na lolote watakalofanya, la wema au la ubaya, nitalijibu mwenyewe.

Nisalimie Bibi wako, mpishi wako, tarishi wako, askari wa pale mlangoni aliyenikatalia kuingia juzi (mwambie sina kinyongo, ila nikiwa Jumbe tutaonana), na mbwa wako mwenye madoa. Wote wa huku wanakusalimu, isipokuwa Clemens, ambaye sikumwuliza.

Ni mimi, mtumishi wako ambaye bado hujamwajiri,
Flavian wa Kasense

Baada ya sahihi:

Bwana, tafadhali usiisome barua iliyo hapo juu. Kama umekwisha kuisoma, basi isome kinyumenyume mpaka itoke.

Kabla sijaifunga bahasha, alfajiri ya leo nimesikia yowe kwa Mzee Polikarp. Wenye nyayo wamefika. Tembo wamepanda mlima wote, wakubwa kwa watoto, wakaingia katika shamba lile lile la pombe ya harusi, na wala hawakuingia kwa dharau, waliingia kwa njaa.

Nilimkuta Mzee ukingoni mwa shamba, blanketi begani. Safari hii hakuinamisha kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechagua ng'ombe. Kisha akasema bila kugeuka, "Flavian, nimewaona."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee."

"Ulisema kweli," akasema. "Majani siyaoni."

Watu walikuwa wamejaa. Clemens, juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini, akasema kwa sauti ya kanisani, "Bwana Jumbe, si upige mluzi?" Na wote waliosomewa barua wakanigeukia. Bertilla alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikapiga mluzi. Yule dume mkubwa akainua kichwa, akatandaza masikio, akaja. Sikumpungia kofia. Nilikimbia mpaka nikaipita baiskeli ya Clemens, naye alikuwa juu yake, tena anateremka.

Nilipogeuka nyuma ya ghala, nikaona jambo. Mzee Polikarp hakukimbia. Mgeni mkubwa alikuwa anamjia nyumbani kwake, na yeye kwa mgeni anajua jambo moja tu. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi. Shangazi Cornelia akapiga magoti, akapiga makofi. Kasense nzima ikafuata. Yule dume akasimama kama aliyesahau kitu bondeni, akakunja mkonga, akageuka, na wenzake wote nyuma yake, mbio, wakateremka walikotoka. Mzee alipoinua uso, lililobaki ni vumbi.

Mzee akaitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyekutwa nayo. Shangazi Cornelia ndiye aliyesema kwa niaba yake, "Kaka, kumbe kule bondeni tuliwafukuza wenyewe."

Mzee akakohoa. Akaingia ndani, akakaa, akatoka. "Lete hilo jembe," akaniambia, "kabla sijaanza kufikiri."

Jembe limepokewa, Bwana. Bertilla amecheka mbele ya baba yake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Ila shamba limebaki pembe moja, ile ya karibu na choo, na Shangazi Cornelia ameipima kwa macho, akasema itatoa mtungi mmoja na wa pili nusu. Watu wataonja na kumshukuru Mungu.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, kuanzia namba moja mpaka mwisho. Wanyama wako hawana kosa, wanaitikia salamu kwa miguu. Ujumbe wa Wanyama siutaki, mpe Clemens, tayari ana usafiri. Tembo wale siwajui, hatujawahi kuonana, na lile neno kwamba nitajibu kwa lolote watakalofanya liliandikwa na kalamu.

Wewe na Bibi karibuni harusini. Njooni mapema, pombe ni kidogo. Na mkiwakuta wale njiani wanapanda tena kuja huku, nakuomba, Bwana, shuka garini uwasalimie vizuri.