Ndama Asiye na Macho

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ng'ombe wa mke wangu Ng'washi kazaa alfajiri. Ndama hana macho! Pua imeziba. Kahema kwa mdomo, kafa kabla chai haijachemka. Ng'washi kakaa zizini analia. Maziwa yalikuwa ya mjukuu wetu Kija, ambaye mama yake tulimzika Januari. Nimesema ni uchawi wa jirani Mwandu. Anamwonea wivu dume langu.

Jumanne, 4 Machi
Gloria, afisa mifugo, kaja kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Kauliza baba wa ndama. Dume langu! Na baba wa mama? Dume langu huyohuyo! Kwa nini niombe la Mwandu? Kamkagua ng'ombe macho. Kisha kaniita baba kwa upole, kaeleza kwamba mimba inapojijenga kuna kinasaba kinachoamrisha vingine vitengeneze macho na pua. Dume langu ana kimoja kibovu, kamrithisha binti yake. Macho yao madogo ndiyo dalili. Ndama kapata vibovu viwili, hakuna cha kutoa amri. Macho madogo! Mimi huyasifia mnadani. Eti nimhasi, na binti zake asiwapande tena.

Jumatano, 5 Machi
Ng'ombe hashushi maziwa bila ndama. Dawa ipo: ngozi ya ndama hujazwa majani makavu, mama akailamba, maziwa yakashuka. Nimechuna, nimejaza, nimeshonea vifungo viwili vya shati mahali pa macho. Kazi safi! Na ngozi nimeifua kwa sabuni ya unga, isinuke.

Alhamisi, 6 Machi
Ng'ombe kainusa ngozi. Kapiga chafya. Kanipiga teke la paja! Ng'washi kauliza ni nani aliyefua harufu ya ndama. Kija kalia mpaka sauti ikakauka.

Ijumaa, 7 Machi
Mwandu kaja na kibuyu cha maziwa. Kanisalimu mwangaluka kwa upole unaoudhi, kasema dume lake nimtumie bure. Nimekataa vyote. Nina heshima zangu! Ng'washi kamkimbilia njiani, kapokea maziwa. Hanisemeshi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwombea Kija kanisani. Amekonda, inaniuma kweli. Lazima zizi langu litoe maziwa, si la Mwandu. Bahati nzuri mtamba wetu, ambaye hajazaa bado, yuko kwenye joto. Gloria alikataza mabinti. Huyu si binti wa dume, ni mjukuu wake! Nimemfungulia dume, kapanda vizuri. Na mtamba ni damu yetu kabisa: macho madogo yaleyale.