Fomu ya Shemeji ya Kuhama

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amenifuata stoo asubuhi na karatasi mkononi. Nikadhani mwaliko wa harusi. Fomu ya kuhama! Anataka kuiacha timu yangu ya pool aende timu ya Fundi Cherehani, yule anayenisalimia kwa heshima iliyozidi. Fomu si kitu bila sahihi na muhuri wa katibu wa ligi. Katibu ni mimi, mwaka wa sita huu. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa saa kumi alasiri.

Nimepiga hesabu mara tatu. Tuko wachezaji sita. Akitoka tunabaki watano, na timu ya watano inashushwa daraja la pili. Kifungu cha kumi na nne: katibu lazima atoke timu ya daraja la kwanza. Kifungu hicho nilikitunga mwenyewe, kumkomesha Kinyozi, aliyekuwa akiutaka ukatibu. Kwa hiyo shemeji akiondoka, na ukatibu unaondoka. Bila ukatibu mimi nani? Mtu wa kuhesabu vigae stoo.

Nimemwambia wino wa muhuri umekauka.

Jumanne, 4 Juni

Amekuja na chupa ya wino. Nyumbani, wakati wa chai, mbele ya dada yake! Mke wangu akauliza kwa nini simgongei mdogo wake muhuri. Nikasema lazima kamati ikae. Akasema kamati ni mimi na lile daftari langu. Nimeondoka chai ikiwa nusu.

Kazini nimeisoma katiba ya ligi chini ya kaunta. Hakuna mahali panapomlazimisha katibu kuonekana. Asiyeonekana hatii sahihi! Akili nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimechanwa. Muhuri sasa natembea nao ndani ya soksi.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Niliruka kifungu cha tisa. Katibu asipoonekana siku mbili mfululizo, makamu anatia sahihi badala yake. Makamu ni Kinyozi! Huyo ataidhinisha kabla sijamaliza kupiga chafya. Basi natakiwa nionekane kila siku, na mashahidi, ila nisikamatwe.

Saa saba mchana nikasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha Kinyozi, nikapunga mkono. Wateja wawili wameniona, mmoja nusu kichwa kimenyolewa. Kinyozi akatoka na mashine inanguruma, akaniita nije tuongee. Nikamjibu kwamba nipo, nimeonekana, aandike. Likapita lori la mchanga, nami nikapita nalo. Nimefika stoo jasho chapachapa.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amekuja stoo mara mbili. Mara zote nimejifungia chooni. Ya pili nimekaa saa nzima na robo. Bosi akaona mlango haufunguki na watu wamepanga foleni, akaamini choo kimeziba. Akaita fundi bomba. Ole wangu! Fundi bomba wa mtaa huu nani kama si shemeji?

Nikasikia mfuko wa vyuma ukitua sakafuni. Kisha fomu ikapenyezwa chini ya mlango, na kalamu juu yake. Nikaiokota fomu.

"Shemeji, viatu hivyo nilikuchagulia mimi," akasema taratibu. "Miaka mitatu unanipanga wa mwisho. Nikifika mezani mechi imeshaamuliwa, watu wanatafuta funguo zao. Nataka kucheza tu, basi."

Akangoja. Halafu nikasikia mfuko ukiinuliwa, akaenda zake.

Ni kweli nampanga mwisho. Wa kwanza ni mimi. Nahodha ni mimi! Kwamba nimefungwa mechi kumi na moja mfululizo ni mkosi tu, utapita. Macho yaliniwasha kidogo. Ile dawa ya choo ni kali.

Ijumaa, 7 Juni

Siku yenyewe. Nimegundua kifungu kingine, cha kumi na moja: fomu ikishafika mkononi mwa katibu na asiijibu kabla ya dirisha kufungwa, imekubaliwa. Na fomu ninayo! Niliiokota mwenyewe, chooni! Lazima nikatae kwa maandishi.

Saa tisa na nusu. Stoo nzima haina karatasi nyeupe. Nikaigeuza fomu ileile, nikaandika nyuma yake kwamba ombi limekataliwa, sababu zitafuata. Sahihi. Tarehe. Muhuri, kwa wino wa shemeji mwenyewe! Nikakimbia hadi ukumbi wa pool, nikaitumbukiza kwenye sanduku la ligi saa kumi kasoro dakika nne. Fundi Cherehani alikuwa amekaa kando ya sanduku, saa mkononi. Akanipisha kwa adabu. Nimemweza!

Jumamosi, 8 Juni

Kikao. Mwenyekiti wetu, Mwalimu mstaafu, akavaa miwani. Akasoma fomu mbele. Akageuza, akasoma nyuma. Akageuza tena. Hata wa mezani wameshusha fimbo.

Akasema sahihi ya katibu ipo, tarehe ipo, muhuri upo. Na muhuri unasema IMEIDHINISHWA.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba ligi ina muhuri mmoja tu, nilibana matumizi, na kwamba maneno yangu ya kalamu yanakataa. Mwalimu akaniuliza kwa upole kifungu cha pili kinasemaje. Kinasema kalamu ikipingana na muhuri, muhuri ndio unaofuatwa. Nilikitunga mimi, kumkomesha katibu aliyenitangulia.

Kikafuata cha kumi na nne. Dakika kumi, yote yamekwisha. Daraja la pili. Ukatibu basi. Nimeutoa muhuri kwenye soksi mbele ya kadamnasi, na Kinyozi akaupokea kwa taulo. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Shemeji akanifuata hadi mlangoni.

"Ungenianzisha mechi moja tu, nisingeondoka," akasema.

Nimelia njiani. Nimeandika, basi.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na suluhisho! Tukipata mchezaji wa sita, msimu ujao tunapanda, na ukatibu nautwaa tena. Na nimempata: mke wangu. Leo mchana tumejaribu. Amenifunga mechi tatu, ya tatu akiongea na simu.

Ana sharti moja, aanze yeye. Nikamwelewesha kwamba wa kwanza ni nahodha, yeye atacheza wa mwisho, avumilie, mvumilivu hula mbivu. Hakubisha. Ameniomba fomu ya kujisajili na fomu ya kuhama, zote mbili kwa pamoja. Nimempa ya kujisajili. Ya kuhama nimeificha.