Kadi za Wageni

Jumapili, 2 Machi

Nilimaliza shule miezi mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna mtu nje ya nyumba hii aliyeniita kwa jina. Muuza duka ananiita wewe wa maziwa. Shuleni niliitwa kila asubuhi kwenye orodha, wa ishirini na sita, na sikujua kama ile ilikuwa neema.

Nimeamua kutafuta kanisa. Si la Mama. Kule mimi ni kitinda mimba wa Mama tu, na wenzake huniuliza kuhusu matokeo ya mtihani. Nataka kanisa la vijana, lenye gitaa na ngoma, ambako nisipokwenda mtu atagundua.

Leo nimekwenda lile la karibu na kituo cha mafuta. Nyimbo nzuri. Kisha mchungaji akasema wageni wote wasimame, wataje majina na walikotoka. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Mama mmoja mwenye miwani alinitazama nikihangaika huko chini hadi mgeni wa mwisho alipoketi. Nikatoka wakati wa sala, watu wakiwa wamefumba macho. Mlango ukalia. Wakafumbua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza Dada, kwa kuzunguka, mtu akiwa mgeni mahali afanyeje. Dada ni fundi cherehani. Anaongea na watu kutwa nzima, pini mdomoni. Akasema mgeni anataja jina lake, basi, hajafa mtu. Akataka kujua nani anauliza. Nikasema rafiki yangu. Akacheka, akasema Kimya wee, rafiki gani huyo. Kimya ndilo jina alilonibandika tangu utotoni. Najua hakukusudia kuniumiza. Imeuma.

Mkakati mpya: kuchelewa dakika arobaini. Wageni watakuwa wameshakaribishwa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa la pili. Liko kwenye ghala lililokuwa la magodoro. Tangazo la kukataza sigara bado liko ukutani, juu kidogo ya msalaba.

Nimefika nimechelewa dakika arobaini kamili, nimevaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi. Ni nguo za shule, lakini sina nyingine za heshima. Mlangoni alisimama mwanamke ambaye kazi yake ni uuguzi na pale ndiye mkuu wa wahudumu. Wahudumu wote walivaa nyeupe juu, nyeusi chini. Akaniambia, kwa sauti ya wodini, kwamba nimechelewa zamu. Akanitia mkononi kikapu cha kadi za wageni, akanielekeza mlango wa kushoto.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na sekunde tatu hivi. Nikaenda mlango wa kushoto.

Vijana wanachelewa sana. Nimekaribisha watu kumi na wanane. Nimewaambia karibu, wakaniitikia, wengine wakanipa mkono. Sikujua kama nina sauti hiyo. Msichana mmoja wa rika langu aliingia amekumbatia mkoba kifuani. Nikamnong'oneza kwamba kiti cha nyuma ya nguzo hakionekani kutoka mbele. Akanishukuru kama nimemtoa majini. Akaniuliza jina. Nikajifanya naitwa upande wa pili.

Ibada ilipokwisha Muuguzi akafungua daftari la zamu, naye akaniuliza jina. Nikaogopa. Akilitafuta langu kwenye orodha ya washirika hataliona, na nitahojiwa palepale. Nikataja jina la Dada. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye haogopi kitu. Muuguzi akalitafuta, hakuliona, akaniomba radhi. Akasema karani wao ana tabia ya kupoteza watu. Akaniandika mshirika wa siku nyingi, pamoja na namba yangu ya simu.

Alhamisi, 13 Machi

Muuguzi amenipigia simu. Akaanza na jina, polepole, kama mtu aliyenifikiria kabla ya kupiga. Akasema nilishika mlango vizuri. Akasema niwe mpole na wageni, na nikumbuke kwamba pale hawasimamishwi. Waliacha mwaka jana, baada ya kijana mmoja kuzimia. Mgeni hujaza kadi, anapewa chai, basi.

Zile kadi. Nilizishika asubuhi nzima.

Kabla ya kuaga akasema kama kuna lolote lililoandikwa vibaya daftarini nimwambie tu, kalamu anayo. Nikasema hakuna.

Nimekaa jikoni hadi chai ikapoa. Mara ya kwanza mtu ananitafuta, na amemtafuta Dada.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesali. Nimemwambia Mungu jina langu kamili, ingawa nadhani analo. Nimeandika maungamo ya mistari mitatu kwa ajili ya Muuguzi. Nimeyasoma mbele ya kioo mara tisa. Mara ya tisa yalikuwa mazuri sana.

Jumapili, 16 Machi

Sikuyasoma. Nilimkuta Muuguzi amesimama na yule msichana wa nguzo, ambaye alinipungia mkono na kuniita kwa jina la Dada, alilopewa na Muuguzi. Akasema isingekuwa mimi asingerudi. Nikamkumbatia. Maungamo yamekunjwa mfukoni, yameloa jasho.

Jumatatu, 17 Machi

Dada amesema Jumapili tunakwenda wote. Mteja wake amemsimulia kanisa la ghalani, kwamba mlangoni kuna msichana mpole ajabu, tena ni wajina wake. Dada anataka kumwona.

Nimewaza mchana kutwa. Kusema ukweli kungechukua dakika moja, na kalamu ipo. Lakini nimepata njia bora. Nimemweleza Dada mambo yote, nikamwomba akifika pale atumie jina langu, kwa saa mbili tu. Akasema, pini zake mdomoni, kwamba akili yangu ifungiwe kabatini. Kisha amekubali, mradi nimfulie nguo wiki mbili.

Atajaza kadi. Atapewa chai. Muuguzi ataisoma kadi na kuliita jina langu kwa sauti, na mimi nitakuwa palepale mlangoni. Nitalisikia.