Mrushaji Ni Mimi

Jumatatu, 2 Juni

Balaa! Leo mazoezini kaja Mganda. Jina lake Yoramu, fundi friji, kapata kazi hapa Moshi mjini. Kasema anacheza besiboli. Kasema ni mrushaji. Mrushaji wa timu ya Njoro ni mimi, Hosea. Hakuna mwingine, ndiyo maana ni bora.

Meneja wetu, Mzee Augustino, alimtazama kama maziwa yaliyolala nje. Akamuuliza kama huko kwao kuna besiboli au ndizi tu. Akasema kachoka na wageni. Wa mwisho aliondoka na glovu za timu. Hata hivyo kampa mpaka Jumamosi, tutakapocheza na vijana wa Arusha.

Jumamosi! Siku hiyo baba yake Stella anakuja kunitazama. Kasema akiniona narusha, ndipo atakaposikiliza habari za posa. Huyu Mganda lazima arudi alikotoka.

Jumanne, 3 Juni

Mpango: kumchosha. Kabla ya mazoezi nilimwambia Yoramu kwamba kwa desturi yetu mgeni hurusha mipira ukutani mpaka mwenyeji aseme basi. Sikusema basi. Nilikwenda kunywa chai.

Mkono ukamlegea kweli. Mipira yake ikawa inakuja polepole kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Wenzangu, waliozoea kasi yangu, wakawa wanapeleka gongo la kupigia mapema. Hakuna aliyegusa kitu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi hajawahi kunitikisia chochote.

Jumatano, 4 Juni

Mungu mkubwa! Mpira wa Yoramu umepotea njia na kuvunja chupa ya chai ya Mzee. Mzee kafoka mpaka Kichagga kikamtoka. Kasema mkono si kitu, mtu ni adabu. Kasema wahenga walinena mgeni njoo mwenyeji apone, lakini yeye hajapona, kaungua.

Yoramu alinijia mnyonge, akauliza afanyeje. Nikamwambia Mzee anapenda sana jani la isale. Aende kwake Kirua Vunjo, alikate kwenye mpaka wa shamba, ampe kwa mikono miwili.

Wazazi wangu walitoka Dodoma kuja kukata miwa, sisi ni watu wa tambarare. Lakini hili nalijua: masale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na watu wa huko juu wamefikishana barazani kwa sababu ya kuyagusa. Yoramu alinishukuru, akaninunulia mtori wa ndizi na nyama. Niliula wote.

Alhamisi, 5 Juni

Niliandamana naye ili nishuhudie. Yoramu akakata jani, akaingia uani, akatoa shikamoo, akalinyoosha kwa mikono miwili. Mimi nikajibanza nyuma ya mgomba, nisije nikapigwa kwa makosa.

Mzee akavua kofia. Mkewe, Mama Digna, akashika mdomo. Kumbe! Kwa Wachagga anayekuletea isale anaomba msamaha, na hata awe amekuulia ng'ombe, humkatai. Miaka yote hii Moshi na hakuna aliyeniambia! Mzee akasema hata wanawe wa kuwazaa hawajawahi kumletea. Kisha mbege, pombe yao ya ndizi, ikatoka.

Akauliza nani kamfundisha. Yoramu, mkweli kupita kiasi, akanitaja na kunivuta kutoka nyuma ya mgomba. Mzee akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Akasema mtu anayemtakia mema mshindani wake kiasi hiki ndiye anayefaa kumdakia mipira. Kwa hiyo Jumamosi Yoramu anarusha. Mimi nadaka. Roho imeniuma sana, ingawa mbege ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Tumeshinda. Msiba mtupu. Mdakaji ndiye anayemwonyesha mrushaji kwa vidole mpira gani arushe, basi nilimwagiza mipira ya ajabu ajabu. Alitii kila mara, anatabasamu. Arusha walichapa hewa mpaka mwisho. Mzee kasema nina akili ya mchezo. Kiganja kimevimba kama andazi.

Baba yake Stella alimuuliza binti yake kwa nini nachuchumaa muda wote, au tumbo linanisumbua. Kisha akamwalika Yoramu chai. Stella aliondoka bila kuniaga. Hilo limeniuma kuliko kiganja.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada Yoramu kaniletea barafu ya kiganja. Kasema kwenye chai jana alimweleza baba yake Stella kwamba bila mimi asingekuwa kitu. Tena kamwomba Mzee mechi ijayo nirushe mimi. Mzee kakubali. Baba yake Stella atakuja tena.

Nimewaza mchana kutwa. Mtu hagawi tu hivi hivi alichokipata. Ni wazi Yoramu ananiogopa, na ananitega. Lazima nimuwahi.

Dawa ya moto ni moto. Nimeulizia watu wa Holili, nimempata Mkenya mmoja, Jesse, ambaye wanaapa anarusha kuliko Yoramu. Nimempigia simu, anavuka mpaka kesho. Nitampeleka kwa Mzee mimi mwenyewe. Aje amng'oe Yoramu, nibaki peke yangu. Tena wanasema na kudaka anajua, ni mpole, na bado hajaoa. Mungu si Athumani!