Simu Zilizopelekwa Kunenepeshwa

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano, bwana mmoja aliyeitwa Asali, kwa sababu ya utamu wa maneno yake na wala si kwa sababu nyingine, alisimama mbele ya ukumbi wa mtaa akasoma bango jipya: TAMASHA LA WADUKUZI, SIKU NNE, KUANZIA IJUMAA. Chini ya bango hilo, vijana walikuwa wakiingiza meza, kompyuta na mabunda ya nyaya.

"Hawa ndio akina nani?" alimwuliza kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na ukumbi.

"Watu wa kompyuta," kinyozi alijibu, huku akipuliza nywele zilizonasa kwenye mashine yake. "Wanajaribu mifumo, wakiona tundu wanamwambia mwenyewe azibe. Nasikia wameunganishiwa intaneti nene ajabu. Hii yetu ukiiweka kando yake ni uzi."

"Nene?"

"Nene, nakwambia."

Mtu mwema angelisikia neno hilo na kwenda zake. Asali alilisikia kama paka anavyosikia sufuria ikifunuliwa.

Kabla ya adhuhuri alirejea amevaa koti jeupe la mpishi, shingoni ametundika chujio la chai, na begani amebeba sanduku la bati lenye kufuli tatu. Alisimama katikati ya mtaa, akainua chujio juu, akalipeleka kushoto, akalipeleka kulia, kisha akaguna.

"Hasara," alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Hasara tupu."

Katika dunia hii hakuna kinachokusanya watu upesi kama hasara ambayo bado haijajulikana ni ya nani. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Mwuza mayai alikuja na trei mikononi. Fundi cherehani alitoka dukani na tepu yake shingoni.

"Ndugu zangu," Asali alisema, "intaneti ile inavuja. Leo na kesho wanaijaribu, na yote inamwagika bure. Simu ikifungiwa karibu nayo, gizani, inainyonya mpaka inanenepa. Ikitoka hapo, bando hununui tena."

"Mpaka lini?" mwuza mayai aliuliza.

"Mpaka simu yenyewe ife."

"Tuzizime kwanza?"

"Msizizime!" Hapo ulimi wa Asali ulimtangulia, kwa maana alipenda swali lisilale bila jibu. "Simu iliyozimwa ni mtoto aliyefumba mdomo. Atanyonyaje?"

Simu zikaanza kuingia sandukuni. Fundi cherehani peke yake aliikumbatia yake.

"Yangu siitoi. Humu mna picha za vipimo vya bibi harusi, mama yake na mashangazi zake wote. Nguo zinatakiwa Jumamosi. Vikipotea nitashona kwa kubahatisha, na shangazi mkubwa wa ukoo ule habahatishwi. Nitafunga duka na kuhama mji."

"Mama," Asali alisema kwa upole wa daktari, "simu iliyobebeshwa ukoo mzima, huoni ilivyokonda?"

Fundi aliitazama simu yake. Kweli, ilionekana imekonda. Akaitia sandukuni.

Kinyozi, ambaye alijihesabu miongoni mwa werevu, aliinua kidole. "Sisi si watoto, bwana. Sanduku litakaa ndani ya ukumbi, si nyumbani kwako."

Asali aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa. Ukumbi ule ulikuwa na mlango wa nyuma, naye aliujua vizuri kuliko wenye ukumbi.

Ndani alipokewa na mwandaaji wa tamasha, binti mrefu aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio. "Karibu, baba. Hilo ni la nini?"

"Vifaa vyangu tu, binti yangu. Nitavifuata baadaye. Ninaomba jambo moja: mtu yeyote asiliguse."

Vijana wote ukumbini waligeuka kulitazama sanduku. Asali aliyaona macho yale yaking'aa, akadhani ni heshima. Hakujua kwamba watu wale wana desturi yao. Walikuwa wametenga meza nzima kwa ajili ya kufungua kufuli bila ufunguo, si kwa wizi bali kwa burudani, na kila kilichofunguliwa hufungwa tena kama kilivyokuwa. Kwao, sanduku lenye kufuli tatu linalowekwa chini kwa maneno "asiliguse" ni zawadi, na kuliacha hivyo ni kumvunjia mgeni heshima.

Asali alikwenda kutafuta mkokoteni. Hajavuka kona, sanduku likaanza kuita. Binti alichomoa bisibisi yake, na kabla mpigaji hajakata tamaa, kufuli zote tatu zilikuwa mezani.

"Haloo?"

"Wewe si fundi!" sauti ilinguruma. "Mwambie fundi kwamba shangazi mkubwa hataki kubanwa mikono kama mto uliojazwa pamba!"

Binti alivuka barabara hadi duka la cherehani, simu mkononi. Fundi cherehani alipoiona, alikaa chini palepale.

"Nimeibiwa macho yakiwa wazi," alisema. "Tena nimempa mwenyewe, na kumshukuru juu."

"Tumkimbize!" kinyozi alipiga kelele, mkasi ukiwa juu. "Nilimshuku toka mwanzo!"

"Ulimshuku wakati unaweka simu mbili?" mwuza mayai alimwuliza.

"Mwizi akikimbizwa huenda mbali," binti alisema. "Mwacheni achukue sanduku. Atarudi mwenyewe, tena atabisha hodi."

Kila mtu akarudishiwa simu yake. Ndani ya sanduku wakaweka kasha dogo la chuma, zito, lenye kufuli moja ngumu, ambalo likitikiswa husema chaka-chaka. Kisha zile kufuli tatu zikarudi mahali pake.

Asali alirudi na mkokoteni, akalitoa sanduku kwa mlango wa nyuma akipiga mluzi. Kijana mmoja alimshikia hata mlango, naye akambariki. Nyuma ya mashine ya kusaga unga alilifungua, akaliona kasha. Alilitikisa. Chaka-chaka.

"Wamezihamishia humu!" alijiambia. Kisha tamaa ikamnong'oneza: mtu hawezi kufunga simu za watu kwa kufuli kama hii, bila shaka wameongeza na vya kwao. Alilipiga kwa jiwe, akajiumiza kidole gumba. Alilibembeleza kwa msumari. Alizunguka kwa mafundi wa kufuli, na wote walimpa jibu moja: wanaoweza kazi hii wapo ukumbini, wanajiandaa na tamasha.

Basi Alhamisi asubuhi alirudi, amevaa miwani nyeusi na kofia hadi masikioni, kasha kwapani.

"Hodi!"

"Karibu sana, Bwana Asali," alijibu fundi cherehani.

Mtaa mzima ulikuwa umeketi kwenye mabenchi, kila mmoja na simu yake mkononi. Asali aligeuka nyuma. Kinyozi alikuwa mlangoni na mkasi.

"Ndugu zangu, nilikuwa nazitafuta simu zenu usiku na mchana—"

"Kaa," fundi alisema. "Fungua kasha lako."

Binti alimpa vijiti viwili vyembamba na kumwelekeza kwa adabu zote. Asali alianza kwa kuisemesha kufuli, kwa maana hiyo ndiyo kazi aliyoizoea. Aliiita mpenzi, akaiita mheshimiwa. Kufuli haikuona haya. Mwishowe ilimlazimu anyamaze na kusikiliza, jambo ambalo lilimtoa jasho kuliko jua. Jioni ilipokaribia, ilisema ta! Mtaa wote ukasimama.

Ndani mlikuwa na glavu, mkasi na roli za utepe wa gundi wa kubandikia nyaya sakafuni, zenye vishikizo vya bati.

"Hongera!" wadukuzi walishangilia. Binti akaeleza: "Kwetu, anayelifungua kasha hili ndiye hupewa heshima ya kutandaza nyaya za tamasha zima."

"Na waya wa kwanza," fundi cherehani alisema, "utavuka barabara uje dukani kwangu. Wa pili kwa kinyozi. Bwana Asali alituahidi intaneti nene, naye ni mtu wa neno lake."

Binti alicheka, akakubali, kwa siku zote za tamasha. Hivyo ndivyo Asali alivyopita mlango kwa mlango, akiitimiza ahadi aliyoitunga kwa chujio la chai. Alipofika chini ya cherehani, fundi alikuwa akimtumia shangazi mkubwa picha ya mikono mipya ya gauni. Jibu lilirudi papo hapo: haibani.

"Bwana Asali," fundi alisema, akiinua simu, "imenenepa kweli."

Asali alitaka kujibu, lakini alikuwa amepiga magoti na kipande cha utepe wa gundi kati ya meno, na kazi ilikuwa bado ndefu.

Nawe uliyefika hapa, usiikalie hadithi hii. Mpe jirani yako aisome, hasa yule ambaye akisikia "bure" huanza kuvua saa mkononi.