Mtaalamu Aliyemaliza Povu

Habari iliyotupandisha mori leo kijiweni ni ya yule mtaalamu wa moto. Jana alikuja sokoni kutuelimisha, na katika kuelimisha akamaliza povu lote la mtungi wa kuzimia moto. Soko zima lina mtungi huo mmoja. Akauweka chini mtupu, akapigiwa makofi, akapanda gari lake akaenda zake.

Fundi cherehani ndiye aliyekosa raha. Kibanda chake kimejaa vitambaa vya watu, na kimepakana na jiko la Shangazi, muuza kahawa wetu. Akauliza mtungi utajazwa lini. Hakuna aliyejua.

"Saa nzima ya kuelezwa, na hilo moja ndilo hatukuelezwa," akasema Bisha, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu. "Alianza na maana ya moto. Kwani mimi nimezaliwa jana? Akaja na historia. Nikalala, nikaamka, bado watu wa kale wanapekecha vijiti."

Maiki akakohoa. Huyu ni mshereheshaji wa harusi, na tangu anunue kipaza sauti chake mwenyewe hatupumui. Akatuambia shida yetu hatujasoma. Hotuba ya kuarifu ina aina zake: ipo ya kueleza kitu, ipo ya tukio, ipo ya wazo, na ipo ya kuonyesha jambo linavyofanywa. Mtaalamu alizichanganya zote. Alifungua kwa swali ili ateke masikio, akatoa mifano, akarudia pointi, akafunga kwa muhtasari.

"Muhtasari upi?" Bisha akadakia. "Alisema 'kwa hayo machache.' Machache, kaka, na mgongo wangu mpaka sasa haujanyooka."

"Wewe huna sikio la hotuba."

"Ninalo. Limechoka."

Fundi akarudi palepale. "Jamani, mtungi."

"Maswali ni mwishoni," Maiki akamjibu, kwa sauti ya ukumbini.

Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, ingawa uso wa Fundi haukuwa wa kuchekwa. Ndipo upepo ukapeperusha pazia la kibanda chake likagusa makaa. Likashika. Fundi akapiga yowe. Bisha akabisha kwamba ule ni moshi tu. Maiki akasimama, akanyoosha mkono vilevile kama mtaalamu.

"Ndugu zangu, tulieni. Kwanza tujiulize, huu ni moto wa aina gani?"

Shangazi hakujiuliza. Akanyanyua birika zima la kahawa akalimwagia pazia, na viatu vya Maiki vikapata fungu lao. Moto ukazima. Fundi akaingia ndani kushika kitambaa kimoja kimoja, machozi yakimtoka.

Maiki, kwa sauti ndogo tusiyoijua, akaomba kikombe cha kutuliza moyo.

Shangazi akalipindua birika. Halikutoa hata tone.

"Somo limekwisha, na kahawa imekwisha," akasema. "Nani ana swali?"